Kiingereza cha Seti: Ukisikia Hivi, Fanya Hivi

Mwigizaji mwenye Kiingereza safi cha shule anaweza kufika kwenye seti ya wageni, yaani mahali wanapopiga filamu, akapotea kabisa. "Cheat" anaijua, ni kudanganya. "Beat" ni kupiga. "Throw away" ni kutupa. Halafu mwongozaji anamwambia "cheat left, take a beat, then throw the line away", naye anabaki amesimama akitafuta nani wa kumpiga. Alichoambiwa ni hiki: sogea au geuka kidogo kuelekea kushoto, kaa kimya kwa muda wa pumzi moja, kisha iseme ile sentensi juu juu, kama jambo lisilo na uzito.

Ndiyo maana orodha za "maneno 50 ya Kiingereza kuhusu filamu" hazimsaidii sana mtu wa kazi. Kwenye seti maneno mengi ni amri. Kila neno lina mtu wake wa kulitamka, wakati wake, na kitu ambacho mwili wako unatakiwa kufanya mara tu ukilisikia. Nitayapitia kwa mpangilio wa siku ya kazi, halafu nimalizie na Kiingereza cha kuizungumzia filamu ikishakamilika. Huko nako tuna makosa yetu, na mengi yanatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili.

Karatasi ya kesho

Jioni kabla ya kazi hutumwa "call sheet". Kwanza matamshi: "sheet" ina irabu ndefu, vuta. Ukiifupisha, na wengi wetu tunaifupisha, umetamka tusi mbele ya mtayarishaji.

Tafuta namba yako. Kila mhusika ana namba inayobaki ileile hadi mwisho wa kazi, na kwa kawaida mhusika mkuu ni namba 1. Kando ya jina kuna herufi: S ni siku yako ya kwanza, W unafanya kazi, F unamaliza, H umewekwa akiba, yaani hufanyi kazi lakini usichukue kazi nyingine. Ukiona SWF, kazi yako yote ni siku hiyo moja. Urefu wa kila sini, yaani tukio moja la hadithi, huandikwa kwa sehemu za nane za ukurasa, mfano 2 3/8, na ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Sini ya 1/8 isikudanganye. Inaweza kuwa mstari mmoja tu, "jeshi linavuka mto", na ikala siku nzima.

Sasa saa. Karatasi hutumia saa 24 na inaweza kukupa nyakati tatu: "pick-up" 0515, "make-up" 0545, "on set" 0700. Ya kwanza ni gari kukufuata saa kumi na moja na robo alfajiri. Ya pili ni kukaa kwenye kiti cha vipodozi saa kumi na mbili kasorobo. Ya tatu ni kusimama mbele ya kamera saa moja kamili, umeshavaa na umeshapakwa. Anayeripoti langoni saa moja amechelewa kwa zaidi ya saa nzima, hata kama anaapa alikuwa mapema.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye ujumbe wa simu unaochanganya lugha mbili. Dereva anaandika "saa moja", msaidizi asiye Mswahili anaweka kwenye programu ya tafsiri, anapata "one o'clock", na gari linapangwa la saa saba mchana. Andika tarakimu za saa 24 hata unapoandika Kiswahili. Haipendezi, ila inazuia ugomvi.

Neno "pick-up" lizingirie duara, kwa sababu litarudi na maana nyingine. Mkiwa katikati ya kazi, "we'll pick it up from the door" ni kuanzia pale mlangoni, si mwanzo wa sini. Filamu ikiwa tayari kwenye uhariri, "pick-ups" ni vipande vidogo vinavyokwenda kupigwa baadaye kuziba mapengo, kwa hiyo usinyoe ndevu wala usibadili mtindo wa nywele kabla ya kuuliza. Na mwongozaji akisema "pick up your cues" analalamika kwamba unachelewa kujibu: mwenzako akifunga mdomo, wewe uwe umeshaanza.

Kupanga nafasi

"Blocking" ni kupanga nani anasimama wapi, anatembea lini, anakaa kwenye neno gani. Si wakati wa kuigiza kwa nguvu zote. Mpiga picha na mtu wa fokasi, anayehakikisha uso wako hauwi ukungu, wanasoma miguu yako, kwa hiyo tembea kwa mwendo uleule utakaoutumia baadaye na usimame palepale. Msaidizi wa kamera ataweka utepe sakafuni wenye umbo la T, kila mwigizaji na rangi yake. Hiyo ndiyo "mark". Miguu miwili inakaa pande mbili za mguu wa T, vidole vikikaribia kichwa chake. "Hit your mark" ni kufika hapo bila kutazama chini.

Ugumu unatokana na lenzi. Picha ya karibu ikipigwa na tundu la lenzi likiwa wazi sana, eneo lililo ndani ya fokasi linaweza kuwa sentimita chache tu. Ukipitiliza kwa nusu hatua, jicho lako limekuwa ukungu na "teki", yaani mara hiyo moja ya kupiga, imeharibika hata kama ulilia machozi ya kweli. Dawa yake ni kuhesabu hatua kinyumenyume: anza umesimama kwenye utepe, rudi nyuma hadi mlangoni kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu hatua, kisha tembea idadi hiyohiyo kuja mbele. Kingine ni kutafuta kitu cha kuegemeza pembe ya jicho, mfano ukingo wa meza au kitasa.

"Camera left" ni kushoto kama kamera inavyoona. Ukiwa umeielekea, huo ni mkono wako wa kulia. "Stage left", neno la jukwaani, ni kushoto kwa mwigizaji anayewaelekea watazamaji. Mwongozaji mwenye huruma atasema "your left", na hapo hakuna hesabu ya kufanya. Akisema "left" tu, uliza. "Camera left or my left?" ni swali la kitaalamu kabisa na hakuna atakayekucheka.

"Cheat" sasa ieleweke. Maisha ya kawaida watu wawili wakizungumza hutazamana uso kwa uso, na kamera iliyo pembeni inaona masikio. "Cheat out" au "cheat to camera" ni kufungua mwili kidogo kuielekea kamera huku ukionekana bado unamtazama mwenzako. Hata kiti kinaweza kufanyiwa hivyo: "cheat the chair" ni kukisogeza mahali ambapo kiuhalisia hakikuwa, kwa sababu kwenye fremu kinakaa vizuri zaidi.

Kutoka kimya hadi "action"

Hapa ndipo mgeni huumbuka, kwa kuwa amri zinakuja haraka na kila moja ina mwenyewe. Msaidizi wa kwanza wa mwongozaji ndiye mwenye sauti ya seti, usimchanganye na mwongozaji. Atasema "last looks", au kwa Waingereza "final checks". Watu wa vipodozi na mavazi wanakuja juu yako: wacha wakuguse, usianze mazungumzo. Kisha "lock it up", maana yake milango ifungwe, watu wasipite, simu zizimwe.

Halafu "roll sound". Mrekodi sauti anajibu "speed". Neno hilo ni urithi wa enzi ambazo mashine ya sauti ilihitaji muda kidogo kufikia mwendo sahihi. Leo mashine ni za kidijitali, neno limebaki. Kisha "roll camera", na jibu ni "rolling". Uingereza utasikia "turn over" badala ya "roll". Sauti hutangulia kamera kwa sababu ya uchumi wa zamani: mkanda wa filamu ulikuwa ghali kuliko mkanda wa sauti, na mazoea hayakubadilika.

Mwenye ubao wa namba za sini, ule wenye mbao mbili za kugonganisha, anajitokeza mbele ya lenzi na kusoma. Kwa mfumo wa Marekani utasikia "twenty-four Baker, take three". Yaani sini ya 24, mpangilio B wa kamera, mara ya tatu. Mpangilio wa kwanza wa sini huitwa 24 bila herufi, wa pili 24A, wa tatu 24B, na herufi I na O hurukwa kwa kuwa zinafanana na 1 na 0. Herufi hutamkwa kwa majina, "Apple", "Baker", ili B isisikike kama D au P. Waingereza wana mtindo mwingine: ubao una namba inayopanda tu kila mpangilio mpya, "slate one-one-two, take three", bila kujali ni sini ya ngapi.

"Mark it", ubao unapigwa. Mhariri ataoanisha picha ya mbao zinapokutana na mlio wake. Ukisikia "second sticks", pigo la kwanza halikuonekana au halikusikika, linarudiwa. "Soft sticks" ni pigo dogo, kwa heshima ya sikio lako, ubao ukiwa karibu na uso. Ubao ukioneshwa mwishoni, umepinduliwa miguu juu, hiyo ni "tail slate" au "end board", na hutumika pale ambapo kelele ya ubao mwanzoni ingemtoa mwigizaji kwenye hali yake, au kamera ilianza mbali sana. Mpiga picha anasema "set", kamera imetulia.

Kama kuna watu wa nyuma, "background action" hutangulia. Wanaanza kutembea, wauza matunda wanaanza kupanga mafungu yao, nawe bado kimya. Kisha mwongozaji anasema "action". Usirushe neno la kwanza juu ya sauti yake. Acha nafasi ndogo, karibu nusu sekunde, mhariri apate mahali pa kukata.

Kutoka hapo unafanya kazi hadi usikie "cut". Ukisahau mstari, usiseme "sorry" na usitazame kamera. Sema "line", neno moja, kwa sauti ya kawaida, na msimamizi wa skripti atakutajia. Ukikosea neno, rudi mwanzo wa sentensi ileile na uendelee, kwa sababu pengine mwongozaji alihitaji nusu ya pili tu. "Cut" ni mali ya mwongozaji. Mwigizaji anayejikatia mwenyewe anaharibu kitu ambacho huenda kilikuwa kizuri kuliko alivyodhani. Hatari ndiyo pekee inayobadilisha kanuni hiyo: taa ikiyumba, mtu akiteleza, yeyote anaweza kupaza sauti kusimamisha.

Baada ya "cut" sikiliza neno linalofuata, kwa kuwa ndilo linalokuambia pa kwenda. "Still rolling" au "keep rolling": kamera haijazimwa, rudi haraka mwanzoni bila porojo. "Back to one", au "first positions" kwa Waingereza: rudi ulipoanzia, na vitu vyote vya mkononi virudi pia, kikombe kijazwe tena. "Going again": inarudiwa. "One for safety": mwongozaji ameshapata anachotaka, anaweka akiba, na hapo una uhuru kidogo wa kujaribu. "That was for camera" au "for sound": tatizo lilikuwa la mitambo, si lako, kwa hiyo usibadilishe chochote. "Check the gate" ilikuwa kukagua unywele au vumbi kwenye mlango wa mkanda, na wengine bado wanaisema hata kwenye kamera isiyo na mkanda. Ikifuatiwa na "moving on", mpangilio huo umekwisha.

Usikimbilie chai bado. Mrekodi sauti anaweza kuomba "room tone": watu wote wanasimama walipo, kimya, nusu dakika hadi dakika nzima, huku yeye akirekodi ukimya wa chumba hicho. Mhariri huutumia kuziba mashimo kati ya maneno. Anaweza pia kuomba "wild lines", yaani useme sentensi zako kwa sauti pekee, bila kamera. Ziseme kwa mwendo uleule uliotumia ulipopigwa picha, la sivyo hazitakaa kwenye midomo.

Kuna maneno ya usalama ambayo hayamhusu mwigizaji peke yake. "Striking!" ni taa kubwa inawashwa, geuza macho. "Points!" ni mtu anapita na chuma au ubao wenye ncha, mpishe. "Flashing!" ni mpiga picha za mnato anafyatua taa yake, watu wa umeme wasidhani balbu imepasuka. "Crossing" husemwa na anayepita mbele ya lenzi. Na ukiona karatasi "hot set" mezani, usiguse hata kijiko: kila kitu kimeachwa kilipokuwa ili kazi iendelee kesho. Mshikaki wa maonyesho hauliwi.

Maelekezo ya mwongozaji

Msamiati huu ni mdogo, na ndio unaopima kama mwigizaji ni mzoefu. "Bring it down" au "pull it back": punguza, umekuwa mkubwa. Waigizaji waliokulia jukwaani, na wengi waliotoka kwenye vichekesho vya runinga, huelewa hili kuwa "punguza sauti", wakanong'ona huku nyusi bado zinacheza. Kinachopunguzwa ni uso na mikono, na sauti mara nyingi ibaki ilipo. "Give me more" ni kinyume chake, ingawa mara nyingi mwongozaji hataki kelele zaidi. Anataka uhitaji zaidi: unachokitaka kutoka kwa mwenzako kiwe cha lazima.

"Let it land": ukishasema jambo zito, subiri limfikie mwenzako kabla hujaendelea. "Don't play the ending": umeanza sini ukiwa na huzuni kwa sababu umeisoma hadi mwisho, mhusika bado hajui. "You're indicating": unatuonesha hisia kwa ishara badala ya kuwa nazo, mfano kushika paji la uso ili tujue umechanganyikiwa. Nadhani hili ndilo onyo ambalo waigizaji wetu wangelisikia mara nyingi zaidi kama waongozaji wetu wangekuwa wakali kidogo. "On the nose" hulengwa kwa mwandishi: maneno yanasema waziwazi kile ambacho kingeachwa kieleweke.

Maelekezo hubadilika maana kulingana na ukubwa wa picha, kwa hiyo uliza "what's the size?" kabla ya teki ya kwanza. "Wide" inaona mwili mzima na chumba. "Cowboy" inakata katikati ya paja, "medium" kiunoni, "medium close-up" kifuani, na "close-up" ni uso na mabega kidogo. Kwenye "wide" kutikisa kichwa si kitu. Kwenye "close-up" tikisa hiyohiyo inakutoa nje ya fremu. Hapo pia huwezi kutazama macho mawili ya mwenzako kwa zamu, maana kamera itaona mboni zinarukaruka. Chagua jicho moja, lile lililo karibu na lenzi, ubaki nalo.

"Two-shot" ni picha moja yenye watu wawili, si picha mbili. "Single" ni wewe peke yako. "Clean single" haina sehemu yoyote ya mwenzako, "dirty" inabeba bega au nywele zake ukingoni. Kwenye "clean single" msikatizane. Sauti ya mwenzako aliye nje ya picha ikipanda juu ya yako, mhariri hawezi kuitenganisha. Kama mwongozaji anataka mkatizane, atasema "you can overlap".

"Coverage" ni jumla ya pembe zote zinazopigwa kwa sini moja. Wakimaliza upande wako utasikia "turning around": kamera na taa zinahamia upande wa pili, na hilo linachukua muda, unaweza kwenda kujisaidia. Ila urudi umekumbuka ulishika kikombe kwa mkono gani na uliinua kwenye neno gani. Hiyo ndiyo "matching". Usipolinganisha, mhariri ataacha teki yako bora kabisa na kutumia ile ambayo kikombe kilikuwa mahali pake.

Jioni, "Abby Singer" ni mpangilio unaotangulia ule wa mwisho, jina la msaidizi wa mwongozaji wa Marekani aliyekuwa na desturi ya kuutangaza. "Martini" ni wa mwisho kabisa. Hakuna kinywaji. "Wrap" ni kufunga kazi ya siku, na "picture wrap" ikitajwa pamoja na jina lako, umemaliza filamu nzima, na watu watakupigia makofi.

Majaribio

Haya nitayapita haraka. "Sides" ni kurasa chache za skripti unazopewa kuigiza kwenye usaili. "Off book" ni kuwa umekariri. "Cold read" ni kusoma papo hapo bila maandalizi. "Self-tape" ni video unayojirekodi mwenyewe, simu ikiwa imelazwa ubavu ili picha iwe pana, ukuta mtupu nyuma, fremu ya kifuani, na mtu wa kukusomea mistari ya wengine awe karibu na lenzi lakini sauti yake iwe chini kuliko yako. Mwanzoni au mwishoni unaambiwa "slate". Hapa si ubao: ni kujitambulisha kwa jina, mahali ulipo na urefu. Wamarekani wanataka urefu kwa futi na inchi, kwa hiyo sentimita 170 ni "five-seven". "Callback" ni kuitwa tena. "Avail check", au "pencil" kwa Waingereza, ni kuulizwa kama una nafasi. Bado hujapata kazi, usiitangaze Instagram.

Kuizungumzia filamu

Sasa kwenye mahojiano, kwenye foleni ya ZIFF, tamasha la filamu la kule Zanzibar, au kwenye fomu ya tamasha. Kiswahili chetu cha sinema kina maneno yaliyozaliwa na Kiingereza kisha yakahama. "Stelingi" ni "starring" ya kwenye mabango, lakini kwa Kiingereza "the starring" si mtu. Mwigizaji aliyebeba filamu ni "the lead", na mtu wa ndani ya hadithi ni "the main character". Adui wa stelingi ni "the villain". "Enemy" inahitaji useme ni adui wa nani. "Season" tunaiita tamthilia yote, ila kwa Kiingereza hiyo ni "a series", na "season" ni mkupuo mmoja wa vipindi: "season two, episode five". Filamu za DJ Afro za Kenya, au zile za Lufufu zilizotamba Tanzania, usiziite "dubbed". "Dubbed" ni sauti za waigizaji zimeondolewa na kuwekwa nyingine. Zile zina "a Swahili voice-over commentary".

"Supporting" si msaidizi. Lupita Nyong'o alipopata Oscar mwaka 2014 kama "Best Supporting Actress", nafasi ile ilimaanisha mhusika asiye kiongozi wa hadithi, hata kama ndiye uliyemkumbuka ulipotoka ukumbini. Na "director" kuwa mwangalifu nayo, kwani inabeba mwongozaji na mkurugenzi pia. Kwenye wasifu andika "film director" kwa kazi ya uongozaji, na "managing director" kwa cheo cha kampuni. "Acting director" ni kaimu mkurugenzi, hana uhusiano na uigizaji.

Kitenzi cha kazi ni "play": "she plays a nurse", siyo "she acts a nurse". "Act" inataka "in": "she acts in the film". "Cast" haibadiliki ikiwa wakati uliopita, "he was cast as a policeman", hakuna "casted". "Set in Kilwa" ni hadithi inatokea Kilwa, "shot in Kilwa" ni kamera zilikuwa Kilwa, na filamu moja inaweza kuwa "set in Kilwa" lakini "shot in Bagamoyo". "The shoot" ni kipindi chote cha upigaji, "a shot" ni kipande kimoja kisichokatwa. Tunasema filamu "inazungumzia" jambo, tukaandika "the film talks about". Kiingereza kinasema "it's about", au "it follows" ukianza na mhusika.

Mambo mawili yanawaangusha hata wenye Kiingereza kizuri. La kwanza ni wakati. Kiswahili husimulia kwa -li- na -ka-, akaenda, akaona, akarudi. Kiingereza husimulia kisa cha filamu kwa wakati uliopo: "A young fisherman finds a phone in his net. He calls the last number, and a woman answers." Ukianza na "finds", usihamie "called". La pili ni jinsia. Kiambishi a- hakijali mume wala mke, kwa hiyo ulimi wetu huteleza, na mama wa kwenye hadithi anaanza "she" anamaliza "he". Kwenye mazungumzo msikilizaji atavumilia. Kwenye maandishi anadhani umeleta mtu wa tatu. Ukimaliza kuandika, pitia mara moja ukitafuta "he" na "she" tu, huku ukitaja jina la mhusika kila unapokutana nazo.

Fomu za matamasha huomba "logline" na "synopsis", na wengi hujaza kitu kilekile mara mbili. "Logline" ni sentensi moja, maneno kama 25 hadi 30: nani, anataka nini, nini kinamzuia. Mwisho wa hadithi hautajwi. "Synopsis" fuata urefu ulioandikwa kwenye fomu. Ikiwa ni ya wachaguzi wa filamu, humo sema mwisho, aliyekufa amekufa na mwizi ni nani, kwa sababu wao wanapima kama hadithi inafungika. Ile yenye "find out what happens next" iweke kwenye bango.